Kutoka Kibaha Hadi Posta kwa Masikio

Saa kumi na moja alfajiri, Barabara ya Morogoro tayari ina watu wake. Magari kutoka Kibaha, Kiluvya na Kibamba yanaelekea Dar es Salaam taa zikiwaka, na ndani ya mengi yumo mtu mmoja tu, dereva ambaye ndiye mwenye gari na ambaye anatakiwa awe mezani kwake saa mbili kamili. Kutoka Kibaha hadi Posta, katikati ya jiji, ni kilomita zipatazo 40. Barabara ikiwa tupu, huo si mwendo wa saa nzima. Shida ni kwamba barabara hiyo huwa tupu usiku wa manane, na usiku wa manane hakuna mwajiri anayemsubiri mtu.

Watu hawa hawakwenda kukaa mbali kwa bahati mbaya. Walifuata kiwanja. Sensa ya mwaka 2012 iliwahesabu wakazi 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na ile ya 2022 ikawakuta 5,383,728. Jirani yake, Mkoa wa Pwani, ulikua kwa kasi kubwa zaidi katika miaka hiyo kumi, kutoka watu milioni 1.1 hivi hadi milioni 2. Anayepita njia hiyo haoni ajabu, kwa jinsi mabati mapya yanavyozidi kung'aa nyuma ya mikorosho kila mwaka.

Serikali haikukaa kimya. Mabasi ya mwendokasi yalianza kazi Mei 2016 kati ya Kimara na Kivukoni. Barabara ya Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, ikapanuliwa kuwa ya njia nane. Makutano ya Ubungo, yaliyokuwa yakila saa za watu kwa miaka mingi, yakapata daraja la ghorofa lililozinduliwa Februari 2021 na kupewa jina la Balozi John Kijazi. Foleni ikatii amri. Ikaondoka Ubungo, ikaenda kusubiri mbele.

Mwanafizikia wa Kiitaliano Cesare Marchetti aliandika mwaka 1994 kwamba binadamu, tangu enzi za kutembea kwa miguu hadi enzi za magari, hutenga muda uleule wa safari za kila siku, kama saa moja kwa kwenda na kurudi. Chombo kikiongezeka kasi, mtu hapunguzi saa hiyo. Anahamia mbali zaidi. Ni hoja inayoelezea miji mingi, ila mkazi wa Kibaha anayetumia saa moja na nusu kwenda na nyingine kama hiyo kurudi ameshavuka kipimo hicho mara tatu. Kwa mwezi wenye siku 22 za kazi, hizo ni saa 66. Sheria ya kazi ya Tanzania inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, kwa hiyo dereva huyu anafanya kazi ya wiki moja na nusu zaidi kila mwezi, kazi ya kukanyaga breki, bila mshahara.

Si ajabu basi kwamba saa hizo hazipendwi. Daniel Kahneman na wenzake walipowauliza wanawake 909 wafanyakazi wa Texas wasimulie siku iliyopita kipande kwa kipande, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, safari ya asubuhi ya kwenda kazini ilikuwa mkiani kabisa kwa furaha waliyoipata, chini hata ya kazi yenyewe. Lakini kuna upande wa pili ambao hausemwi sana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, waliwauliza wafanyakazi wapatao 1,300 wa eneo la San Francisco wangependa safari yao iwe ya muda gani, na matokeo ya mwaka 2001 hayakuwa sifuri. Kwa wastani walitaka dakika 16 hivi. Yaani watu wanataka safari. Wanataka nafasi kati ya mlango wa nyumbani na mlango wa ofisi, mahali ambapo mtu si baba wa fulani wala si msaidizi wa mkurugenzi. Kinachomchosha mtu wa Kibaha ni kupewa nafasi hiyo karibu mara sita.

Swali la nini cha kufanya na saa hizo lina jibu rahisi kwa abiria. Mwandishi wa Kiingereza Anthony Trollope, mtumishi wa posta katika karne ya 19, aliandika sehemu kubwa ya baadhi ya riwaya zake ndani ya mabehewa ya treni, kibao cha kuandikia kikiwa mapajani. Mwenye usukani hana bahati hiyo. Mikono ina kazi, macho yana kazi, miguu ina kazi. Kimebaki kiungo kimoja tu kisicho na ajira rasmi, nacho ni sikio.

Na sikio la dereva wa Dar es Salaam lina mkasa wake. Magari mengi ya watu wa kawaida hapa ni mitumba kutoka Japani, nchi ambayo redio zake za FM zilitengenezwa kunasa masafa ya kati ya megahezi 76 na 90 tu. Kituo chochote kilicho juu ya 90 hakisikiki mpaka fundi afunge kifaa cha kuyashusha masafa. Zaidi ya hapo, kila asubuhi ufunguo unapozungushwa, sauti ya mwanamke inatoka kwenye dashibodi na kusema jambo kwa Kijapani. Wapo waliomsikiliza mama huyo miaka nenda miaka rudi bila kujua anasema nini. Anamkumbusha dereva kwamba kadi ya kulipia ushuru wa barabara, iitwayo ETC, haijachomekwa. Kadi hiyo haijawahi kufika Kibaha na wala haina kazi huko, lakini tangazo linarudiwa kwa adabu ileile. Ukitafuta mfano wa kitu kinachosikika kila siku bila kumwongezea msikilizaji chochote, ndio huo.

Mtu aliyelichukulia tatizo hili kwa uzito mpaka likawa biashara alikuwa Mmarekani Duvall Hecht. Alizaliwa mwaka 1930, akawa rubani wa kikosi cha Marine cha Marekani, na mwaka 1956 katika Michezo ya Olimpiki ya Melbourne alishinda medali ya dhahabu ya kupiga makasia akiwa na mwenzake James Fifer. Miaka ya mwanzo ya 1970 ilimkuta katika kazi ya masuala ya hisa mjini Los Angeles huku akiishi Newport Beach, pwani ya kusini. Kwenda na kurudi kulimla saa mbili kila siku. Redio ilimchosha, kwa muziki wake uleule na matangazo yake yaleyale. Akaweka mashine ya kanda kwenye kiti cha abiria, akaanza kutafuta vitabu vya kusikiliza.

Hakuvipata kirahisi. Rekodi za mashairi na vipande vya hadithi zilikuwapo madukani tangu miaka ya 1950, lakini kitabu kizima, kilichosomwa neno kwa neno kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, kilitengenezwa kwa ajili ya wasioona. Maktaba ya Bunge la Marekani ilikuwa imeanza kuwapelekea watu hao santuri za vitabu tangu mwaka 1934, na kati ya waliofaidika mapema walikuwamo wanajeshi waliopoteza macho katika Vita ya Kwanza ya Dunia. Mtu mwenye macho mazima aliyekwama kwenye foleni hakuwa katika orodha.

Mwaka 1975 Hecht na mkewe, Sigrid, wakaanzisha kampuni waliyoiita Books on Tape. Kitabu chao cha kwanza kilikuwa Paper Lion cha George Plimpton, masimulizi ya mwandishi aliyejiunga na mazoezi ya timu ya mpira wa Kimarekani. Waliwakodi waigizaji wa Los Angeles wasome, wakazitia kanda kwenye maboksi, na mteja akazikodi kwa posta na kuzirudisha kwa posta. Wateja waliomfuata walikuwa watu kama yeye, wenye barabara ndefu na redio ya kuchosha. Mwaka 2001 kampuni ilinunuliwa na Random House. Hecht, akiwa amevuka miaka 70 na mwenye fedha za kutosha kukaa ufukweni, akachukua leseni ya lori na kuanza kuendesha masafa marefu, huku akisikiliza vitabu. Alifariki mwaka 2022.

Hapo kuna jambo la kujifunza ambalo wauzaji wa kozi za mafanikio hawalisemi. Hecht hakutaka kugeuza gari kuwa darasa la kujiongezea cheo. Alitaka hadithi nzuri. Mtu aliyeamka saa tisa na nusu usiku, akaoga kwa maji ya ndoo na kuwaacha watoto wamelala, si lazima adaiwe pia kujifunza uwekezaji au Kichina kabla ya kufika Kimara. Akitaka, ni hiari yake. Lakini kumwambia kwamba kila dakika isiyoleta faida ni hasara ni kumwongezea bosi wa pili ndani ya gari lake mwenyewe.

Kuna swali zito zaidi, la usalama. Mwanasaikolojia David Strayer wa Chuo Kikuu cha Utah ameshughulika na jambo hili kwa muda mrefu. Mwaka 2006 yeye na wenzake walionyesha, kwa kutumia mashine ya kuigiza udereva, kwamba dereva anayeongea na simu anaweza kuharibikiwa kiasi cha kulinganishwa na aliyelewa. Mwaka 2013 timu yake ikapanga shughuli za ndani ya gari kwenye kipimo cha mzigo wa akili, ambapo 1 ni kuendesha bila kufanya jingine na 5 ni hesabu za kichwani zinazochanganywa na kukumbuka maneno. Redio ilipata 1.21. Kitabu cha sauti, 1.75. Kuongea kwa simu iliyoshikwa, 2.45, na kwa simu isiyoshikwa, 2.27. Kuiamuru mashine iandike ujumbe kwa sauti kulifika 3.06.

Takwimu hizo zinavunja imani moja iliyoenea, kwamba spika ya gari inaifanya simu kuwa salama. Mkono umeachiwa, akili haijaachiwa. Waliozoea kufanya kikao cha kazi tangu Mbezi hadi Magomeni, wakijisifu kwamba wanautumia muda vizuri, ni miongoni mwa wanaoutumia vibaya.

Mtu mwingine anayestaajabisha katika orodha hiyo ni abiria. Kuongea naye kulipata 2.33, karibu sawa na simu. Lakini utafiti mwingine wa Utah, wa mwaka 2008, ulionyesha tofauti kubwa katika matokeo. Madereva waliambiwa watoke barabara kuu mahali fulani pa kupumzikia. Waliokuwa na abiria wengi wao walitoka panapotakiwa. Kati ya waliokuwa wakiongea na simu, karibu nusu walipitiliza. Sababu ni kwamba abiria naye anaiona barabara. Bodaboda akichomoka ubavuni, abiria ananyamaza mwenyewe, au anapiga kelele kabla ya dereva. Mtu wa upande wa pili wa simu anaendelea kuuliza habari za mkopo.

Kwa hesabu hiyo, kumpa jirani lifti ni matumizi bora ya gari kuliko inavyodhaniwa. Katika mitaa ya Kibamba na Kiluvya makubaliano hayo yapo bila karatasi. Mwenye gari anapita kwa mwalimu, kwa nesi na kwa kijana wa benki, wanachangia mafuta, na saa moja na nusu inapita kwa kusemana, kubishana juu ya Simba na Yanga, na kupashana habari za kiwanja kinachouzwa. Wako pia wasioweza kuvumilia gumzo la alfajiri. Kwa hao, gari tupu lenye ukimya ni mali, na hakuna sababu ya kuujaza ukimya huo kwa nguvu. Kupanga siku, kukumbuka jina lililopotea, kutafuta namna ya kumwambia mtoto jambo gumu, yote hayo hufanyika vizuri redio ikiwa imezimwa.

Tena si barabara yote iliyo sawa. Dereva mzoefu anajua kwamba kipande cha njia nane, ambapo magari yanakimbia na malori ya mizigo ya Zambia na Kongo yanabadilisha njia bila taarifa, kinahitaji akili nzima. Hapo hata kitabu kizuri ni mzigo. Kipande cha kusogea hatua moja na kusimama ni kitu kingine. Hapo ndipo wamachinga wanapopita na maji, karanga, chaja za simu na vitambaa vya kufutia vioo, na hapo ndipo sikio linapokuwa huru. Anayechagua cha kusikiliza kabla ya kuwasha gari, na kukipakua nyumbani kwa bando la usiku, hana haja ya kuchezea kioo cha simu barabarani.

Kuna na saa za aina ya tatu, zisizo za barabara wala za kazi. Anayeondoka saa kumi na nusu ili aikwepe foleni anafika Posta kabla ya saa kumi na mbili, na ofisi haijafunguliwa. Maegesho ya katikati ya jiji wakati huo yana magari yenye viti vilivyolazwa na watu ndani. Wengine wanalala, wengine wanasoma Kurani au Biblia, wengine wanapitia vitabu vya mtihani wa uhasibu. Jioni mambo yanageuka. Badala ya kuingia foleni saa kumi na moja, mtu anabaki mjini mpaka saa mbili usiku. Vyuo vilivyo katikati ya jiji kama IFM na CBE vina madarasa ya jioni, na si wachache waliopata shahada ambayo kwa kweli waliipata kwa kuikimbia Barabara ya Morogoro.

Turudi kwenye sikio. Je, dereva anayesikiliza Kiswahili ana nini cha kulilisha?

Ana redio, na redio ina historia ya heshima katika nchi hii. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza na kujadili, wakachimba vyoo na kuchemsha maji. Miaka ishirini baadaye, Julai 1993, Redio Tanzania ilianza kurusha mchezo wa Twende na Wakati, uliobeba masuala ya uzazi wa mpango na Ukimwi. Kwa miaka miwili ya kwanza eneo la Dodoma halikurushiwa mchezo huo, ili watafiti waweze kulinganisha. Walikuta matumizi ya uzazi wa mpango yamepanda zaidi kule ulikosikika. Hadithi nzuri ya redio, basi, inaingia hadi chumbani kwa mtu. Vipindi vya asubuhi vya siku hizi vina kasi na vichekesho, na si kosa, ila dakika 90 za matangazo ya kubeti ni nyingi kwa kichwa chochote.

Ana flashi, iliyojaa taarabu, zilipendwa, kwaya na Bongo Fleva. Ana mawaidha na mahubiri. Hapa ndipo palipo na utajiri ambao waandishi wa mambo ya kisasa huupita bila kuutazama. Kurani ina juzuu 30, na juzuu moja kwa kisomo cha kawaida huchukua kama saa moja. Dereva wa Kibaha anayesikiliza juzuu moja kila safari akianza na Ramadhani anakhitimisha kabla mwezi haujaisha, kwa siku za kazi peke yake. Biblia nayo imesomwa kwa sauti kwa Kiswahili na inapatikana bure kwenye simu. Kwa maneno mengine, watu wa dini walishamtambua mtu wa foleni zamani. Walimletea vitabu vyao vizima, vimesomwa vizuri, bila kukatwa.

Vijana wa YouTube nao wamemtambua. Simulizi za mapenzi, uchawi na upelelezi zinasomwa kwa vipande, sehemu ya kwanza hadi ya arobaini, na zina wasikilizaji wengi. Ubora unapanda na kushuka. Mara msimuliaji ni hodari mpaka dereva anajuta kufika, mara muziki wa nyuma unafunika maneno yote.

Waliochelewa ni wachapishaji. Riwaya ya kurasa 200 inaweza kusomwa kwa sauti kwa saa saba au nane, yaani siku tatu za kwenda na kurudi Kibaha. Hadithi za Shaaban Robert, riwaya za Euphrase Kezilahabi, Adam Shafi na Said Ahmed Mohamed zingeweza kuijaza barabara hiyo kwa miezi. Abdulrazak Gurnah alipopata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, wasomaji wa nyumbani hawakuwa na kitabu chake kwa Kiswahili. Mwaka uliofuata ikatoka tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Paradise, kwa jina la Peponi, kutoka Mkuki na Nyota. Msafara wa kibiashara kutoka pwani kwenda bara, wenye kijana aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake: ni vigumu kufikiria hadithi inayomfaa zaidi mtu aliyekwama njiani. Lakini rafu ya vitabu vya sauti vya Kiswahili bado ni nyembamba, na dereva anayetaka riwaya kamili iliyosomwa na mtu anayejua kusoma hutafuta sana kabla ya kupata.

Mlango mmoja umekwishafunguliwa, na kama ilivyokuwa zama za Hecht, umeanzia kwa wasioona. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 unaruhusu taasisi zinazowahudumia wasioona kugeuza vitabu kuwa vya sauti bila kusubiri ruhusa ya mwenye hakimiliki. Kenya ilijiunga mwaka 2017, Tanzania mwaka 2020. Rekodi hizo ni za wasioona, na dereva hana haki ya kuzigusa. Lakini mtu aliyefundishwa kusoma riwaya nzima kwa sauti bila kuchoka, akisomea wasioona, ni mtu yuleyule ambaye mchapishaji angemwajiri. Tena mchapishaji wa leo hahitaji kanda, maboksi wala posta. Anahitaji msomaji mwenye pumzi, chumba kisichopitisha honi, mkataba wa maandishi na mwandishi, na bei ambayo mtu anaweza kuilipa kwa M-Pesa usiku, gari likiwa bado limeegeshwa uani.